Pijo 504 la marehemu baba: kwa nini linachemka kila likipanda Mazeras?

#1 Mwana_Tudor
Assalamu aleikum. Swali ni moja, hadithi yake ndefu kidogo.

Nina pikapu Pijo 504 ya petroli, ya marehemu baba. Namba zake ni za kabla ya KAA, kwa hivyo limesajiliwa kabla ya 1989. Baba alilibebea samaki wa Gazi na Shimoni, akivuka feri ya Likoni kabla ya alfajiri. Alipofariki likakaa uani miaka tisa chini ya mwarobaini, kuku wakatagia mle ndani. Huu ni mwaka wa sita nalirudisha, kwa pesa inayobaki baada ya karo, maji ya mkokoteni na dawa za mama. Kuna miezi sikununua hata boliti moja.

Sasa linatembea. Nyali, Kongowea, foleni ya Makupa, mshale wa joto uko nusu. Lakini nikitoka Miritini kupanda Mazeras, kabla sijafika juu mshale uko kwenye nyekundu na rejeta, ile inayopoza maji ya injini, inanguruma. Nakaa kando dakika arubaini lipoe.

Nimeshafanya haya: rejeta imeoshwa, pampu ya maji mpya, mkanda mpya. Thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, haipo, fundi aliitoa. Maji natia ya kisima cha nyumbani. Nani amepitia haya?

#2 Kijana_Bamburi
Waaleikum salaam. Kaka, jibu umeliandika mwenyewe pale mwisho. Maji ya kisima! Visima vyetu vina chumvi na chokaa. Tazama birika la chai nyumbani, ule ukoko mweupe wa chini. Huo huo uko ndani ya vijibomba vya rejeta. Na fundi akisema ameosha rejeta, mara nyingi amepitisha paipu dakika tano tu. Ukoko hautoki kwa maji matupu.

#3 Fundi_Wa_Mikindani
Ukoko sikatai, ila nyinyi nyote mmeruka neno kubwa: thamostati imetolewa. Hii tabia ya "Mombasa joto, toa thamostati" imeua injini nyingi. Kwenye injini nyingi thamostati ina kazi mbili. Ikifunguka kupeleka maji kwenye rejeta, inaziba ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kuonana na rejeta. Barabara tambarare hutambui. Mlimani ndipo utajua.

Nunua thamostati. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni uione ikifunguka, ndipo uifunge.

#4 Dereva_Mariakani
Mimi mlima ule napanda kila siku na lori. Sheria ya zamani ni hii: gari linalochemka kwenye foleni, tafuta kosa kwenye feni. Linalochemka kwa mwendo na mzigo, tafuta kwenye maji au kwenye moto wa plagi. La kwako foleni halichemki. Feni ifute kwenye orodha.

#5 Mwana_Tudor
Dereva_Mariakani, ahsante, lakini ule mlima mimi sipandi kwa mwendo. Huwa nyuma ya malori, gia ya pili, kilomita 30 kwa saa au chini yake.

#6 Dereva_Mariakani
Basi feni irudishe kwenye orodha 😀

#7 Mzee_Safari
Kabla ya feni, tuheshimu gari lenyewe. Hilo ndilo gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1976 mbele ya kila mtu. Pijo halikuundwa lichemke kwa mlima wa Mazeras.

#8 Mla_Mbaazi
Mzee, 1976 ilikuwa Lancer ya Joginder Singh. 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson, kisha 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na hiyo ya 1978 ilikuwa kupe, gari la milango miwili, ya injini ya V6.

#9 Mzee_Safari
Umenishika kwa mwaka, nakubali. Lakini ukianza kuhesabu Pijo usiiwache 404: 1963, 1966, 1967, 1968. Na 1966 na 1967 ni Bert Shankland, mtu wa Tanzania. Sisi tulikuwa watoto tukisikiliza redio ya jirani dirishani.

#10 Fundi_Wa_Mikindani
Turudi kwenye feni. 504 nyingi zilitoka na feni ya sumaku. Haizunguki wakati wote. Rejeta ikipata joto, swichi inapeleka umeme kwenye sumaku, sumaku inaikamata feni. Ikipoa inaachia. Kuna kaboni ndogo inayopeleka huo umeme, na kuna pengo la kupimwa kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kaboni ikiisha, feni itazungushwa kivivu na msuguano tu, nawe utaiona inazunguka useme ni nzima. Mwana_Tudor, ya kwako ni ya sumaku au ya moja kwa moja?

#11 Mwana_Tudor
Ina waya mmoja unaokuja mbele, umekatwa na kufungwa kwa seloteipu. Nilidhani ni wa honi.

#12 Bin_Likoni
Waya huo! Uzi umekwisha, funga duka.

#13 Kijana_Bamburi
Haujakwisha. Pikapu ya ami yangu ina feni iliyofungwa moja kwa moja kwa boliti, waya ulikatwa kwa kuwa hauna kazi tena. Mafundi wengi walifanya hivyo sumaku zilipoharibika. Ashike feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa na baridi. Ikizunguka bila mkanda kujaribu kufuata, bado ni ya sumaku.

#14 Mwana_Tudor
Nimejaribu. Haizunguki peke yake, inavuta mkanda. Imefungwa moja kwa moja.

#15 Mama_Wawili
Naomba niingie, mimi si fundi. Mume wangu ana Datsun 1200 uani tangu nimeolewa, na mwanangu mkubwa sasa yuko kidato cha pili. Nimesoma #1 nikasimama pale "karo, maji na dawa za mama". Kaka, umeyapanga vizuri, na ndiyo maana nakuandikia.

Kwetu ugomvi haukuwa gari. Ugomvi ulikuwa kutojua. Pesa ilitoka bila mimi kujua, na Jumamosi nzima ilipotea bila mimi kujua itarudi lini. Mlango wa jiko umekaa bila bawaba miezi mitatu huku kabureta inasuguliwa kwa mswaki ikang'ara! Siku moja tulikaa tukapanga: gari lina kopo lake, na kopo hutiwa baada ya matumizi ya nyumba. Siku ya gari ni Jumamosi baada ya alasiri hadi magharibi. Na kabla ya kila kipuri kipya, kitu kimoja cha nyumba kinatengenezwa. Bawaba zilifungwa wiki ile ile. Tangu hapo mimi ndiye ninayemshikia tochi.

#16 Mla_Mbaazi
Dada, hiyo ya bawaba kwa kipuri naipeleka nyumbani leo.

#17 Mwana_Tudor
Mama_Wawili, ahsante sana. Mke wangu hukaanga viazi vya karai jioni, na ubao wa nyuma wa Pijo ndio meza yake. Mwaka jana nilipoung'oa niupige msasa, alikosa pa kuweka karai wiki mbili. Sikumuuliza kabla, na hilo lilikuwa kosa langu. Ubao niliurudisha kabla haujapakwa rangi, na mpaka leo una praima upande mmoja tu.

#18 Mhasibu_Ganjoni
Swali baya lakini la lazima: logibuku, hati ya umiliki wa gari, ina jina la nani?

#19 Mwana_Tudor
La marehemu baba.

#20 Mhasibu_Ganjoni
Basi hilo Pijo si lako peke yako. Ni la warithi, na kila shilingi unayotia inaingia kwenye mali ya watu wengi. Kwa sharia yetu mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki watoto wanagawana, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Mrithi anaweza kuliachia fungu lake, lakini awe amejua ni kiasi gani anachoachia. Nendeni kwa Kadhi mkiwa mnapendana, msingoje mpaka kuwe na maneno. Nimeona jahazi likioza ufukweni kwa sababu ndugu wanne hawakukaa mara moja.

#21 Mwana_Tudor
Dada zangu walisema kwa mdomo "chukua wewe". Hatujaandika. Umenipa kazi, na ni kazi ya haki. Nitazungumza na mama.

#22 Nahodha_Kibokoni
Umesema gari la samaki. Hukusema kutu. Kutu iko wapi?

#23 Mwana_Tudor
Ami, kila mahali. Sakafu ya dereva nilitia bati jipya. Chini ya mlango wa kulia nilikata nikachomelea, na mlango haukufunga tena. Kitanda cha mizigo kimeliwa kwenye pembe zote. Rangi mpya ya mwaka juzi imeanza kuvimba kama malengelenge.

#24 Fundi_Wa_Mikindani
Mlango haukufunga kwa sababu ulikata ubavu wa chini bila kuweka nguzo. Ile sehemu chini ya mlango ndiyo mgongo wa kibanda. Kabla ya kukata unachomelea chuma cha muda kutoka pembe hadi pembe ya uwazi wa mlango, unapima, ndipo unakata. Sasa itabidi ufungue mshono, uinue kwa jeki taratibu mlango ukikaa sawa, uchomelee upya.

#25 Bin_Likoni
Kwa nini asiinue bodi yote aifanyie chesisi kazi kwa utulivu? Hilux ya jirani yetu ilifanywa hivyo, ikawa kama mpya.

#26 Fundi_Wa_Mikindani
Hilux ndiyo, bodi inafunguliwa boliti. Kibanda cha 504 na sakafu yake vimechomelewa kitu kimoja. Hakuna cha kuinua. Pijo linafanywa kipande kwa kipande, na kwa mtu mwenye karo za shule hiyo ni heri, kwa sababu kila kipande kikiisha gari bado linasimama kwa magurudumu yake.

#27 Kijana_Bamburi
Kuvimba kwa rangi ni hewa ya bahari. Tudor iko kando ya maji, msimu wa kusi chumvi inapulizwa mpaka ndani ya kabati.

#28 Mla_Mbaazi
Sio hewa tu. Gari limebeba samaki miaka mingi. Barafu ikiyeyuka na damu na chumvi inateremka kwenye mishono, na mle haioshwi na mvua. Ukipaka juu, chumvi iko chini inaendelea kuvuta unyevu. Lazima kuosha kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi, tena na tena, kukausha kabisa, kisha praima siku hiyo hiyo. Tena si maji ya kisima, kwa ajili ya Mungu.

#29 Dereva_Mariakani
Mimi nasema ni puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi. Puti inakunywa maji. Fundi akipiga puti juu ya kutu, akaiacha wazi mpaka kesho bila praima, umande wa usiku umeshaingia.

#30 Nahodha_Kibokoni
Nyote mnazungumzia nje. Kutu ya gari inaanzia ndani, kwenye mapango msiyoyaona. Sisi kwenye majahazi mbao tulizipaka sifa, mafuta ya papa, na chini ya maji tukapaka deheni, chokaa na shahamu. Mtu alirudia kila msimu, na chombo kikakaa miaka. Gari lako litie mafuta ndani ya mapango yake kila mwaka kabla ya mvua ya mwaka. Toboa matundu madogo, puliza mafuta, ziba kwa mpira.

#31 Bin_Likoni
Ami, akipaka sifa paka wote wa Mji wa Kale watahamia Tudor.

#32 Nahodha_Kibokoni
Harufu inakwisha kwa mwezi. Kutu haikwishi. Kama hutaki sifa tumia oili safi iliyochanganywa na grisi, ila isifike kwenye breki wala kwenye mpira wa springi.

#33 Kijana_Bamburi
Vipande vidogo, kama bawaba na mabano, usivisugue. Beseni la plastiki, maji, magadi yale ya kupikia kunde, na chaja ya betri. Hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye kipande cha chuma kibovu, visigusane. Kesho yake kutu imelegea, unafuta kwa brashi. Fanya nje penye upepo kwa sababu inatoa haidrojeni, na usiweke kijiko au sufuria ya chuma kisichoshika kutu kwenye chanya, kinatoa sumu ya kromiamu. Ukikitoa tu, kausha na upake praima hapo hapo.

#34 Mwana_Tudor
Wapendwa, nimerudi baada ya wiki mbili na nusu. Nilinunua thamostati, nikaijaribu kwenye sufuria kama Fundi alivyosema. Rejeta nimeiosha kwa asidi ya ndimu ya unga, maji ya mfereji. Yaliyotoka yalikuwa rangi ya uji wa wimbi, nikaogopa. Nimejaza maji safi na kulanti, dawa ya maji ya rejeta.

Jana usiku nilipanda Mazeras. Mshale ulifika robo tatu ukasimama. Nimefika juu! Nilishuka garini nikasimama tu kando ya barabara. Mara ya mwisho Pijo hilo lilipofika pale, baba ndiye alikuwa kwenye usukani.

#35 Mama_Wawili
Alhamdulillah! Umenitoa machozi na sijui hata hilo gari lina rangi gani.

#36 Fundi_Wa_Mikindani
Mashallah. Asidi ya ndimu hukuiacha mle siku nzima, sivyo? Hedi ya hiyo injini, kile kichwa cha juu, ni ya aluminiamu. Na asikuambie mtu utie soda kali ya kufungulia mabomba, itaila.

#37 Mwana_Tudor
Nusu saa, nikasuuza mara nne.

#38 Dereva_Mariakani
Nafurahi nawe, lakini usiku si kipimo. Hewa ni baridi na gari lilikuwa tupu. Nenda saa nane mchana na mzigo.

#39 Mwana_Tudor
Nimeenda leo, magunia matatu ya nazi. Limechemka. Mahali pale pale, karibu na juu.

#40 Mzee_Safari
Pole mwanangu. Hii sasa ni petroli. Injini hizi ziliundwa kwa petroli yenye risasi, na tangu mwanzo wa 2006 hatuna tena. Vali zinaumia, moto unakuwa mkali.

#41 Mla_Mbaazi
Mzee, tatizo la kukosa risasi ni makalio ya vali, pale vali inapokalia, kuliwa pale yalipochongwa kwenye chuma laini cha hedi yenyewe. Hedi ya aluminiamu lazima ivishwe makalio ya chuma kigumu. Hilo halichemshi maji ya rejeta.

#42 Fundi_Wa_Mikindani
Mimi sasa naangalia moto. Distributa, ile inayogawa cheche kwa plagi, ni ya pointi? Kile kipande cha pointi kinachosugua kikilika, pengo linafunga, na cheche inachelewa. Moto ukichelewa, joto linaingia kwenye kuta za silinda na mufleri badala ya kusukuma pistoni. Gari linakuwa zito mlimani, nawe unazidi kukanyaga. Pima pengo, kisha taimini, yaani wakati wa cheche, kwa taa.

#43 Kijana_Bamburi
Na kifuniko cha rejeta? Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100. Yakifungwa kwa shinikizo la baa moja zaidi, yanafika 120. Springi ya kifuniko ikichoka unapoteza hizo zote. Ni shilingi chache, mke hatauliza.

#44 Mama_Wawili
Atauliza. Mwambie tu.

#45 Dereva_Mariakani
Hakuna aliyesema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, tazama viputo.

#46 Mwana_Tudor
Nimewasha asubuhi. Kuna viputo vichache dakika ya kwanza, kisha vinaisha. Oili ni safi, haijawa nyeupe kama maziwa kwa kuingiwa na maji.

#47 Dereva_Mariakani
Vikiisha ni hewa iliyobaki ulipojaza. Vya gasketi haviishi.

#48 Fundi_Wa_Mikindani
Si lazima. Kuna gasketi inayovuja kwa mzigo tu. Mwana_Tudor, hedi iliwahi kufunguliwa?

#49 Mwana_Tudor
Fundi wa kwanza, mwaka wa pili. Sikuwepo, nilikuwa hospitali na mama.

#50 Fundi_Wa_Mikindani
Hapo ndipo pana giza. Slivu za injini hiyo, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji, hazikuchongwa kwenye bloku. Hedi ikiwa nje, lazima zibanwe chini kwa vyuma. Mtu akizungusha injini bila kuzibana, zinainuka, na muhuri wa chini unavunjika. Tena slivu inatakiwa itokeze juu ya bloku kidogo sana, zote kwa usawa, ndipo gasketi ishike. Oili yako safi inanipa matumaini, lakini mtu aliyekuwepo siku ile ndiye anayejua.

#51 Kijana_Bamburi
Mimi bado niko na rejeta. Nusu saa ya asidi haitoi ukoko wa miaka tisa. Ipeleke ifunguliwe juu na chini, wapitishe fito.

#52 Mla_Mbaazi
Na mimi niko na taimini. Ni bure, anza hapo.

#53 Mwana_Tudor
Nimeandika yote kwenye daftari la hesabu la mwanangu, kurasa za nyuma. Taimini na kifuniko nitafanya Jumamosi hii. Kufungua rejeta au hedi hakutakuwa sasa, shule zinafunguliwa na nina watoto watatu.

Jambo la #20: tumekaa Ijumaa, mama, dada zangu wawili na mimi. Nimewatajia thamani ya gari na nimewatajia nilichotia, shilingi kwa shilingi. Dada mkubwa ameachia. Mdogo amesema hataki pesa, anataka siku ya harusi yake apelekwe kwa Pijo la baba. Tutayaandika kwa Kadhi hivyo hivyo.

Na mama ameuliza kama gari linaweza kumpeleka Gazi kuzuru kaburi kabla ya Ramadhani. Nikamwambia bado linachemka Mazeras. Akasema, "Gazi kuna Mazeras?"

#54 Dereva_Mariakani
Gazi yote ni tambarare. Mpeleke mamako.

#55 Kijana_Bamburi
Pitia barabara ya Dongo Kundu, uepuke foleni ya feri.

#56 Mwana_Tudor
Anataka feri. Ndiyo njia ya baba. Tutaenda Jumapili.

#57 Bin_Likoni
Basi kagua hendibreki kabla ya Jumapili. Ule mteremko wa kuingia feri ukiwa wa mwisho kwenye mstari, gari linasimama limeinamia maji. Nitakuwa upande wa Likoni na jagi mbili za maji safi, na mkanda wa akiba kama unanipa saizi.

#58 Mwana_Tudor
Nitautoa leo niusome namba. Tunavuka saa kumi na moja alfajiri.